Kunyoosha Mgongo

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto wote hapo nyumbani. Natumai barua hii itawakuta wazima, na kwamba yale macho yako yaliyokuwa yakikusumbua yametulia, maana safari hii nitayachosha. Sisi huku tu wazima kwa kiasi chetu. Mimi naandika nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, kwa kuwa kukaa muda mrefu nimekatazwa. Ukiona mwandiko umepinda usidhani nimelewa.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Nimeikwepa makusudi. Kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika nusu, kama ulivyozoea, nami ningekata tamaa tukaishia kuulizana habari za mvua. Isitoshe simu ndiyo iliyoniponza, na utaona mwenyewe ilikuwaje. Barua nitampa dereva wa lori la mbao anayepita kwenu, na nitamsisitizia akukabidhi wewe mkononi, si Baba Mdogo. Kikao mlichokipanga juu ya ndoa yangu ni Jumamosi. Nakuomba uisome yote kabla hamjapanda gari, na tafadhali usirukie mwisho.

Chanzo unakijua. Nilikuwa nashusha fremu ya kochi la watu watatu, mbao nzito zile za zamani, nikageuza kiuno kabla miguu haijageuka, nikasikia mgongo umelia ka! Hapo hapo nikapiga magoti. Moto ukashuka kutoka kiunoni, ukapita tako la kushoto, ukaenda mpaka kisigino, na vidole vya mguu vikafa ganzi. Nikapelekwa hospitali, nikapigwa picha, daktari akasema pingili za mgongo zenyewe ziko salama, ila ile diski iliyo katikati ya pingili mbili za chini imetokeza nje na kuubana mshipa wa fahamu wa mguu. Akasema kisu hakihitajiki, niende kwanza kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Shaka yangu ilianzia pale pale, kwa sababu mtu aliyeumizwa na kazi ngumu anatibiwaje kwa kuongezewa kazi nyingine?

Wewe ndiwe uliyenipa jina la Mpekuzi tangu utotoni, eti kwa kuwa nilikuwa siwezi kula mkate bila kuupasua nione ndani kumefichwa nini. Ufundi wa makochi nao umenizidishia. Huu ni mwaka wa ngapi sijui nabandua vitambaa vya watu, na chini ya kila kitambaa kizuri nimekuta mambo: mbao iliyoliwa na mchwa, gunia lililowekwa badala ya sponji, hereni ya mwanamke asiye wa nyumba ile. Mtu akifanya kazi hii kwa muda mrefu hawezi tena kukiona kitu kimefunikwa akakiacha kifunikwe. Sisemi hivi ili kujitetea. Nakueleza tu nilikuwa na macho gani.

Huyo mtaalamu mtaa mzima unamwita Daktari wa Mazoezi. Ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu, lakini vidole vyake ni vya seremala. Chumba chake kina vitanda viwili vyembamba vilivyotengwa kwa pazia la bluu, mpira mkubwa wa kukalia, na kioo kirefu ukutani. Siku ya kwanza alinilaza kifudifudi, uso nikautumbukiza kwenye tundu la kitanda, na nikajikuta nautazama ushonaji wa ndani ya tundu lenyewe. Kimeshonwa ovyo, stepla zimekaa upande upande. Nikajiambia kama kitanda chao ndicho hiki, migongo ya watu itakuwaje. Basi wakati yeye anaeleza na kuonyesha huko juu, mimi huku chini nakagua stepla.

Alisema diski ni kama sponji, kwamba miaka ya kuinama juu ya makochi imeibana upande mmoja mpaka imesukumika nyuma. Nikamkatalia. Sponji naijua, ikishabonyea haifufuki, unaitoa unaweka nyingine. Akacheka, akasema ya dukani ndiyo hiyo, ila hii yangu iko hai, na nikiacha kuikandamiza nikaizoeza mwendo mzuri hujirudia polepole. Akaongeza kwamba maumivu yatahama, na yakitoka kisiginoni yakapanda kiunoni, hata kama hapo kiunoni yatazidi, nifurahi, hiyo ni dalili njema. Hapo sikumwamini kabisa. Fundi akikuambia mlango ukizidi kulia ndio unapona, fundi huyo mkimbie.

Agizo lake kubwa lilikuwa moja. Kila baada ya saa moja, popote nilipo, niache ninachokifanya ninyooshe mgongo. Akasema, nyoosha hivi, polepole, bila woga. Mimi hiyo "hivi" yake sikuiona, uso ulikuwa tunduni. Lakini nilifurahi, maana katika maisha yangu sijawahi kupewa na daktari agizo tamu kama lile. Marehemu mama alikuwa akisema hivyo kila siku baada ya kufua: ngoja nikanyooshe mgongo kidogo. Nasi tulijua tusipige kelele kwa sababu amelala.

Nikafika nyumbani nikaanza kunyoosha mgongo. Unanijua, nikiambiwa jambo na mtaalamu nalitimiza hata kama simwamini, ili likishindikana lawama zisiwe zangu. Nilinyoosha baada ya chai, nikanyoosha kabla ya chakula cha mchana, nikanyoosha baada yake. Kuamka kulikuwa na maumivu, na kabla sijamaliza kuamka saa nyingine ilikuwa imekaribia, hivyo nikaona hakuna faida ya kuamka. Mwishowe nikawa nanyoosha mgongo kutwa nzima.

Wifi yako ndiye aliyenibeba, wala sisemi kwa mafumbo. Mwili wangu unaujua, kwetu tumerithi kifua cha mama na tumbo la baba. Mke wangu alinipitishia mikono kwapani akanikalisha, akanisimamisha, akanikokota chooni akanirudisha. Alinigeuza ubavu huu na ubavu ule nisipate vidonda. Aliniosha pale pale kitandani kwa beseni. Akitoka hapo anakwenda kufungua karakana, anapokea wateja na kuwabembeleza wasubiri. Kila tulipokwenda kwa Daktari wa Mazoezi, nikimwegemea mke wangu njia nzima, Daktari aliniuliza kama nanyoosha mgongo, nami nikamjibu kwa majivuno kwamba nanyoosha mpaka nachoka. Alimtazama mke wangu, naye akaitikia kwa kichwa kwamba kweli, huyu siku hizi hana kazi nyingine. Daktari alikunja uso. Paja langu la kushoto lilikuwa limeanza kukonda, na nikaanza kuamini kwamba binti huyu anavuta siku makusudi ili tusiache kwenda.

Halafu mke wangu akaanza kubadilika. Kwanza alihama kitanda. Akatandika mkeka sakafuni na mto mmoja, na mto wenyewe hakuuweka kichwani, aliuweka chini ya magoti. Nilipomuuliza akasema ni joto, na siku hiyo tulikuwa tumejifunika blanketi. Nikaliweka moyoni.

Kisha nikagundua haziinamii tena nguo zangu. Soksi yangu ikianguka anaiokota kwa vidole vya mguu, au anaisukuma kwa fagio mpaka ukutani kisha anaivuta juu kwa kijiti cha kutundikia nguo. Dada, iliniuma sana. Mwanamke aliyekuwa akinusa shati langu kabla ya kulifua sasa anaigusa soksi yangu kwa kijiti, kama mjusi aliyekufa. Nikasema kumbe amenichukia mpaka nguo.

Yeye na Daktari nao wakawa na minong'ono yao. Nikigeuza kichwa wananyamaza. Tena Daktari akaanza kusema nasi kwa wingi: fanyeni polepole, msiiname, mkiamka geukeni ubavu kwanza. Nikadhani ni adabu za wasomi, kumheshimu mgonjwa kwa kumzidisha. Nikajibu tutafanya.

Lililonimaliza ni safari za Jumanne na Ijumaa. Siku hizo, saa za alasiri, alinipa dawa, akanisogezea maji karibu, akasema anakwenda kununua uzi. Uzi gani, na karakana imelala? Na alikwenda kwa gari la Fundi Vioo. Huyu ni jirani yetu wa karakana, mkewe alifariki muda mrefu uliopita, mtu wa tabasamu lisiloisha; meno yake unayaona kabla hujamwona yeye. Nilimsikia akimfungulia mlango wa gari na kumwambia pole pole, shika hapa. Tangu lini mwanamke mzima anafundishwa kupanda gari? Akirudi, nywele zake za kisogoni zimelala, gauni limejikunja mgongoni, na ananukia mnanaa. Mtu anayekula pipi ya mnanaa, nilijiambia, kuna harufu nyingine anayoificha. Na alikuwa akiingia akitembea taratibu, na uso wake umetulia kuliko alivyotoka. Utulivu ule ndio ulionichoma kuliko yote, kwa sababu mimi sikuwa nimempa.

Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo nilivyokariri nikitazama dari. Ndipo nikakupigia simu. Uliniambia nichunguze kwanza, kwamba wifi yako humjui kwa tabia hiyo, na kwamba kitanda kinamfanya mtu ajitungie mambo. Nilikasirika nikakata. Nikampigia Baba Mdogo, naye alinielewa upesi mno. Nikamwambia nataka kikao, mwanamke arudishwe kwao. Akasema atapanga na atatuma habari kwa wazazi wake wajiandae kumpokea. Kuna maneno mengine aliyoyasema, hayo nitayafikia.

Sasa njoo Ijumaa iliyopita. Mke wangu alitoka kama kawaida, nikasikia mlango wa gari, nikasikia lile pole pole. Sijui nini kilinipanda. Nikageuka, nikajisukuma, nikajikuta nimesimama. Peke yangu, dada! Nilipata kizunguzungu nikashika kabati. Viatu vilikuwa chini na kuinama siwezi, basi nikapapasa kwa miguu, nikachomeka mguu mmoja kwenye kiatu changu na mwingine kwenye kandambili ya mke wangu, nikatoka hivyo hivyo nikishika kuta za watu. Wivu ni bakora nzuri, usimwambie mtu. Gari la Fundi Vioo halifichiki, mgongoni limebeba mabamba ya vioo yanayomulika barabara nzima, na dereva wake huliendesha utadhani anasindikiza jeneza. Nililiona likikata kona ya tatu kutoka kwetu, likasimama mbele ya jengo la Daktari wa Mazoezi.

Nikasema haya, sasa wako watatu. Binti anawapa chumba, mwingine anatoa gari, na mimi nimeambiwa nilale.

Niliingia nikihema. Fundi Vioo alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi anasoma gazeti la zamani, aliponiona tabasamu likamtoka usoni kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Mama wa mapokezi alidhani nimekuja kwa zamu yangu. Akanishika mkono, akaniingiza, akanikalisha kwenye kile kitanda cha stepla mbovu, akasema nisubiri, daktari yupo na mgonjwa upande wa pili wa pazia. Nikataka kumwambia mgonjwa gani, lakini nikasikia sauti ya mke wangu.

Alikuwa anamweleza Daktari kwamba sasa mguu unamwacha, kwamba ule moto wa kisiginoni umepanda na umebaki kiunoni tu. Daktari akafurahi, akampongeza, akasema hiyo ndiyo dalili waliyokuwa wakiisubiri. Akamwambia haya simama, unyooshe mgongo nione.

Pazia lao halifiki mwisho, kitambaa kimekatwa kifupi. Nikachungulia. Mke wangu alikuwa amesimama, kanipa kisogo, viganja vyote viwili ameviweka kiunoni, akajipinda kwenda nyuma polepole mpaka uso ukatazama dari, kisha akarudi. Akafanya tena. Hakulala popote, dada. Alikuwa amesimama wima katikati ya chumba, na huko ndiko kunyoosha mgongo. Pipi gani; pale kwenye kiti palikuwa na chupa ya mafuta ya mnanaa ya kuchulia.

Sikujua nianze kuelewa lipi kwanza.

Wao hawakujua nipo. Daktari akamwambia imefika wakati wa kunieleza, kwamba mgongo wake hautapona sawasawa akiendelea kuninyanyua, na kwamba haelewi kwa nini mimi nisisimame mwenyewe mpaka leo, wakati kila wiki naapa nanyoosha mgongo kila saa. Mke wangu akamjibu kwamba hiyo ni kweli tupu, mume wake ananyoosha mgongo kuanzia asubuhi mpaka jioni, hata chakula analishwa akiwa ananyoosha. Daktari akauliza ananyooshea wapi. Mke wangu akasema kitandani, kwani kuna mahali pengine?

Binti yule alicheka mpaka akakaa kwenye ule mpira wake. Mke wangu naye akacheka, kicheko kikamgeukia akawa analia. Akasema basi, kumbe nimevunjika kiuno kwa neno moja. Baadaye nilijua kwamba yeye zamu yake alionyeshwa mazoezi kwa vitendo, hivyo hakulihitaji neno, wala hakufikiria kwamba mimi nalifuata neno tu.

Daktari alipomuuliza tena kwa nini hataki nijue, alijibu hivi, nami nakuandikia kama nilivyosikia. Alisema ananijua. Akiniambia mgongo wake umeumia kwa kuninyanyua, sitamkubalia tena anishike, na peke yangu sithubutu kuamka kwa woga, basi nitaozea pale pale. Akasema afadhali nimwone mwanamke mbaya, lakini niendelee kukubali kuoshwa.

Kitanda kililia. Pazia likafunuliwa. Mke wangu alinitazama usoni, akashuka mpaka miguuni, akaona kiatu changu upande mmoja na kandambili yake upande wa pili. Nilitegemea afurahi kwamba nimefika pale kwa miguu yangu. Aliuliza kama nilikuwa nimemfuata. Nikasema ndiyo. Hakuuliza kwa nini.

Tulirudi na gari la Fundi Vioo, wote watatu mbele, mke wangu katikati. Ni hapo nilipojua kwa nini alilichagua. Mtaa huu wote ndilo gari pekee lisilomrusha abiria, kwa sababu ya vioo nyuma. Mzee wa watu alikuwa anakwepa kila shimo, na kila tuta alikuwa anaomba radhi kabla ya kulifikia. Alipotushusha alimwambia mke wangu pole pole, shika hapa, kisha akanigeukia na mimi akaniambia vilevile. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nyumbani nilianza kuomba msamaha, nikazungumza sana, unajua nikianza. Akaniacha nimalize. Kisha akaniambia jambo, na ni kwa ajili ya jambo hilo barua hii imeandikwa.

Siku ile niliyopiga simu nilikuwa nimelala chali, simu nimeiweka kifuani, sauti nimeifungulia kwa kuwa mkono ulikuwa unachoka kuishika. Nilidhani yupo uani. Alikuwa nyuma ya mlango ameshika beseni la maji ya moto, anakuja kuniosha. Alikusikia wewe ukimtetea. Akanisikia mimi nikisema arudishwe kwao. Akamsikia Baba Mdogo akinijibu, kwani mimi si fundi wa makochi, inakuwaje nasumbuliwa na jambo dogo hivyo, kitambaa kikichakaa si unabandua unaweka kipya?

Na mimi, dada, nilicheka. Nilicheka kwa sauti, kwa sababu Baba Mdogo alitaja kazi yangu na utani ukanikolea.

Mke wangu anasema tuhuma aliitegemea, aliiona ikikua usoni kwangu siku baada ya siku. Kicheko hakukitegemea. Alisimama pale mpaka nilipokata simu, akasubiri kidogo maji yapoe yasiniunguze, akaingia. Nakumbuka siku ile. Aliweka beseni, akapitisha mikono kwapani kwangu, akaninyanyua. Nikasikia amevuta pumzi kwa meno, nikamwambia kama amenichoka aseme. Akasema hajachoka. Akaniosha mgongo wote, mpaka nyuma ya masikio.

Nimeyaandika haya na sijui nifanyeje nayo. Nimebandua makochi ya mji mzima kutafuta kilichooza, na siku nilipobandua kwangu nimekikuta, lakini hakikuwa upande niliokuwa nautazama.

Hali yetu ya sasa ni hii. Mimi naamka mwenyewe, nageuka ubavu kwanza, nashusha miguu, najisukuma kwa mkono. Nanyoosha mgongo kila saa, nikiwa wima kama askari, na watoto wa jirani wananichungulia dirishani wakidhani nasali. Maumivu yameanza kupanda kutoka kisiginoni, na kiunoni yamezidi, nami nafurahi kama mwendawazimu. Maji ya kuoga nachota mimi, nusu ndoo nusu ndoo. Yeye hanyanyui kitu. Anasema nami yanayohitajika tu, chumvi iko wapi, mteja fulani amepita. Mkeka bado uko sakafuni.

Nilimwambia nitampigia Baba Mdogo nivunje kikao, habari ya kwao ifutwe. Alikataa. Alisema waje. Alisema wazazi wake wameshaambiwa mtoto wao anarudishwa, na neno hilo halifutwi kwa simu, na kwamba yeye pia ana la kusema mbele ya watu wazima. Nikamuuliza ni lipi. Akasema nitalisikia siku hiyo hiyo pamoja na wenzangu. Mimi niliyekuwa najua kila kilichofichwa chini ya kila kitambaa, tangu Ijumaa nautazama uso wake na sioni kitu. Huenda atasamehe. Huenda ameshafunga nguo zake moyoni na anasubiri mashahidi tu. Sina haki ya kuuliza mara ya pili.

Kwa hiyo njooni, dada. Baba Mdogo mwache aongee kwanza kama kawaida yake, achoke. Ila wewe nakuomba mambo mawili. Ukifika, nenda kamsalimie wifi yako kabla yangu, na usimkumbatie kwa nguvu, mgongo wake haujakaa sawa. Na watakapopanga viti, usije ukakaa upande wangu kwa sababu ya damu. Nitakuwa nimekutengea kile kiti chenye mgongo ulionyooka, nimekitengeneza jana, nimekiweka kando ya chake.

Msalimie sana shemeji, mwambie kochi lake nimelikumbuka. Wabusu watoto. Mungu awafikishe salama, na dereva wenu aendeshe taratibu kama aliyebeba vioo.

Ni mimi mdogo wako,
Mpekuzi